Faksi Inapogoma Kwenye Laini Yenye Intaneti: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu

Mashine ya faksi iliyofanya kazi vizuri kwa miaka mingi inaweza kuanza kukwama wiki ileile laini ya simu inapowekewa intaneti ya kasi. Kurasa hukatika katikati, mashine hupiga mlio bila kuunganishwa, au intaneti hupotea kila faksi inapoingia. Wengi huamua kwamba mashine imezeeka na kuanza kutafuta nyingine. Lakini kilichobadilika ni laini, si mashine, na mara nyingi marekebisho hayahitaji zaidi ya kuhamisha waya, kuongeza kifaa kidogo au kubadilisha mpangilio mmoja kwenye menyu.

Faksi bado ina kazi. Zipo afisi za mawakili, kampuni za bima, hospitali na idara zinazopokea hati kwa njia hiyo. Wakazi wenye shughuli ng'ambo hukutana nayo pia, kwa kuwa hospitali nyingi za Marekani na baadhi ya afisi za serikali za Ujerumani na Japani bado huomba hati zitumwe kwa faksi. Barua ya rufaa ya mgonjwa ikifika nusu, au fomu ya madai ya bima isipofika kabla ya tarehe ya mwisho, anayeumia ni mwananchi, hata kama aliyetuma ana hakika kwamba alituma.

Makala haya yanaeleza jinsi mwenye duka la huduma za afisi, mhudumu wa kituo cha afya au mkazi yeyote anavyoweza kutafuta chanzo cha tatizo hatua kwa hatua kabla ya kumwita fundi.

Kwanza, jua laini yako ni ya aina gani

Fuata kwa macho waya unaotoka nyuma ya mashine ya faksi uone unaishia wapi. Kuna uwezekano wa aina tatu.

Ya kwanza ni laini ya shaba. Waya wa faksi unaingia kwenye soketi ya simu ukutani, na modemu ya intaneti inatumia soketi hiyo au nyingine ya nambari ileile. Teknolojia hii huitwa DSL.

Ya pili ni laini ya faiba. Waya wa faksi unaingia kwenye tundu lenye picha ya simu nyuma ya ruta, au kwenye kijisanduku kinachounganishwa na ruta. Hapa simu yenyewe inapita ndani ya intaneti.

Ya tatu ni simu ya mezani yenye SIM kadi. Hiyo ni simu ya mkononi iliyovaa umbo la simu ya mezani. Mtandao wa simu za mkononi huibana sauti kwa namna inayomfaa msikilizaji lakini inayoharibu milio ya faksi. Hata kama kifaa kina tundu la kuchomeka mashine, kwa kawaida faksi haitapita. Mwenye laini ya aina hii asipoteze muda wala pesa kubadilisha mashine. Atafute laini ya aina nyingine, au amuulize mpokeaji kama anakubali hati kwa barua pepe.

Kwa nini faksi na intaneti hugombana

Faksi huzungumza kwa milio. Mashine inayopiga hutoa mlio wa hezi 1,100 kwa nusu sekunde kila baada ya sekunde 3. Inayopokea hujibu kwa mlio mrefu wa hezi 2,100. Baada ya hapo husikizana kuhusu kasi, kisha picha ya ukurasa husafiri ikiwa imegeuzwa kuwa milio ya haraka.

Kwenye waya wa shaba, sauti ya simu hutumia masafa ya chini, takriban hezi 300 hadi 3,400. Intaneti ya DSL hutumia masafa ya juu, kuanzia karibu kilohezi 25 hadi zaidi ya megahezi 1. Huduma mbili hupita kwenye waya mmoja kama magari yanayotumia barabara moja yenye njia mbili. Bila kitu cha kuzitenganisha, kelele za intaneti huingia kwenye faksi, na faksi nayo huivuruga intaneti.

Kwenye faiba tatizo ni jingine. Sauti hukatwa vipande vidogo, kila kimoja mara nyingi kikiwa na milisekunde 20 za sauti, na vipande hivyo husafiri pamoja na video, barua pepe na kila kitu kingine kilicho kwenye mtandao. Kipande kimoja kikipotea wakati watu wanazungumza, sikio halitambui. Kwa faksi inayotuma kwa kasi ya biti 14,400 kwa sekunde, kipande hicho kimoja ni biti 288 za picha ya ukurasa, na zinatosha kuharibu mistari au kukata mawasiliano.

Ndiyo sababu mtu anaweza kusema kwa haki kwamba "simu inasikika safi kabisa" na bado faksi isipite.

Majaribio matano ya kufanya kwa mpangilio

Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja tu kila mara, kujaribu, kisha kuandika matokeo kwenye karatasi. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatajua kilichosaidia ni kipi.

*1. Toa nakala.* Weka ukurasa wenye maandishi na utumie mashine yenyewe kutoa nakala, bila kupiga nambari yoyote. Nakala ikitoka safi, sehemu ya kusoma na sehemu ya kuchapa ni nzima, na tatizo liko kwenye laini au mipangilio. Nakala ikiwa na mstari mweusi ulionyooka, chapisha ripoti ya mipangilio kutoka kwenye menyu. Ripoti ikiwa safi, kioo cha kusomea kina uchafu. Kipanguse kwa kitambaa laini. Ripoti nayo ikiwa na mstari, kasoro iko kwenye wino au sehemu ya kuchapa.

*2. Sikiliza laini.* Chomeka simu ya kawaida mahali palipokuwa na faksi. Inua mkono wa simu. Kama hakuna mlio wa laini, suala ni la mtoa huduma au la waya. Kama upo, bonyeza tarakimu moja ili mlio unyamaze, kisha sikiliza sekunde chache. Panatakiwa kuwa kimya. Mvumo au mikwaruzo ni dalili ya kichujio kinachokosekana, kiungo kilichopata kutu au waya ulioingia maji. Kama kelele huzidi baada ya mvua, andika jambo hilo, kwa sababu fundi atalihitaji.

*3. Acha faksi peke yake.* Kwa laini ya shaba, chomoa kila kitu kwenye soketi zote za nambari hiyo: modemu, simu za vyumba vingine, kengele ya wezi, mashine ya kurekodi ujumbe. Usizime modemu tu. Chomoa waya wake kwenye laini. Kisha chomeka faksi moja kwa moja kwenye soketi kuu, kwa waya mfupi, na utume ukurasa mmoja. Ikipita, mashine na laini ni nzima, na mkosaji yumo miongoni mwa vitu ulivyochomoa.

*4. Rudisha kimoja kimoja.* Unganisha tena kifaa kimoja, tuma ukurasa, kisha kingine. Kile ambacho faksi inakwama baada ya kukirudisha ndicho cha kushughulikia.

*5. Jaribu nambari nyingine.* Tuma kwa mashine tofauti, mahali tofauti. Ikifika kwengine kote isipokuwa nambari moja, tatizo liko kwa mpokeaji.

Kwenye laini ya shaba, anza na kichujio

Kichujio ni kijisanduku kidogo, mara nyingi cheupe, chenye waya mfupi. Huzuia masafa ya intaneti yasifike kwenye simu na faksi. Makosa yanayojirudia ni manne.

Kosa la kwanza ni kuweka kichujio kwenye simu na kuisahau faksi. Kila kifaa kinachotumia sauti kwenye nambari hiyo kinahitaji kichujio, pamoja na simu iliyo chumba cha nyuma ambayo haitumiki. Simu moja isiyo na kichujio inatosha kuivuruga laini nzima.

La pili ni kuchomeka modemu nyuma ya kichujio. Hapo intaneti itakatika au itakuwa ya kusuasua, kwa kuwa masafa yake ndiyo yanayozuiwa. Kichujio chenye matundu mawili huwa na alama: lenye picha ya simu ni la simu au faksi, lingine ni la modemu.

La tatu ni kufuatanisha vichujio viwili kwenye kifaa kimoja kwa kudhani usafi utaongezeka. Sauti hudhoofika na faksi hukwama. Kimoja kinatosha.

La nne ni kuendelea kutumia kichujio kilichoharibika. Vichujio hupigwa na umeme wa radi na huchakaa kama kifaa chochote. Jaribio rahisi ni kubadilishana: chukua kichujio cha simu inayosikika safi ukiweke kwenye faksi.

Kama intaneti hukatika kila simu inapoita, usilaumu faksi moja kwa moja. Laini inapoita hubeba umeme wenye volti nyingi kuliko ilivyo wakati mwingine, na kiungo kilicholegea au kichujio kibovu huonekana hasa wakati huo.

Waya mrefu wa kuongezea, uliofungwa fundo au kupitishwa kando ya nyaya za stima, nao huleta kelele. Sogeza mashine karibu na soketi kuu ikiwezekana.

Kwenye laini ya faiba, punguza mwendo

Hakikisha kwanza kwamba faksi imechomekwa mahali sahihi. Baada ya kuhamia faiba, soketi ya zamani ukutani mara nyingi haina uhai tena, na mashine iliyobaki hapo haitapata mlio wa laini. Ihamishie kwenye tundu la simu la ruta. Usiunganishe tundu hilo na soketi ya ukutani yenye laini ya shaba inayofanya kazi, kwani vifaa vinaweza kuungua.

Kisha punguza kasi. Mashine mpya hujaribu kutuma kwa biti 33,600 kwa sekunde. Ingia kwenye menyu na uishushe hadi 14,400, ikikataa, 9,600. Ukurasa utachukua muda zaidi, lakini utafika.

Mpangilio wa pili ni ule unaoandikwa kwa herufi ECM. Kazi yake ni kuiwezesha mashine inayopokea kuomba sehemu zilizoharibika zitumwe upya. Kwenye laini inayopoteza vipande, maombi hayo hurudiwa hadi simu inakatika. Ukizima ECM, ukurasa unaweza kumalizika, ila mstari mmoja au miwili unaweza kufutika bila mashine kusema lolote. Kwa barua ya mwaliko hilo si neno. Kwa kipimo cha dawa, nambari ya akaunti au nambari ya kitambulisho ni hatari. Aliyezima ECM ampigie mpokeaji na kusoma naye tarakimu zote moja baada ya nyingine.

Tatu, zungumza na mtoa huduma. Muulize maswali mawili: je, laini yangu inatumia mfumo wa sauti wa G.711, usiobana sauti sana? Je, mnaunga mkono T.38, utaratibu uliobuniwa mahususi kwa ajili ya kupitisha faksi ndani ya intaneti? Jibu la ndiyo kwa mojawapo huongeza matumaini, ingawa T.38 hufaa zaidi inapokubaliwa njia nzima hadi upande wa pili.

Nne, chagua wakati. Kama afisi ina watu kumi wanaotazama video kwa intaneti ileile, tuma faksi wakati matumizi yamepungua.

Tano, kumbuka stima. Simu ya kawaida kwenye laini ya shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu. Ruta haipati. Stima ikikatika, laini nayo imekufa, na faksi zinazotumwa kwako wakati huo hazifiki. Kituo kinachotegemea faksi kwa dharura kiwe na betri ya akiba kwa ruta na kwa mashine pia.

Dalili na maana yake

– *Mashine inapokea simu, lakini hati haiji.* Angalia kama huduma ya kurekodi ujumbe inajibu kabla ya faksi. Punguza idadi ya miito ambayo mashine husubiri.

– *Ukurasa hukatika ghafla katikati.* Huenda mlio wa simu nyingine inayosubiri umeingilia. Omba mtoa huduma aondoe huduma ya simu kusubiri kwenye nambari ya faksi. Hakikisha pia hakuna anayeinua simu ya chumba kingine.

– *Mpokeaji anapata kurasa tupu.* Karatasi imewekwa ikiwa imegeuzwa. Mashine nyingi huonyesha kwa picha ndogo upande unaotakiwa kuwa juu.

– *Faksi za humu nchini zinapita, za ng'ambo hazipiti.* Kagua nambari kwanza. Kutoka laini ya mezani ya Kenya, anza kwa 000, kisha msimbo wa nchi. Kama afisi hupiga tarakimu fulani ili kupata laini ya nje, iweke mwanzoni pamoja na kituo kifupi. Nambari ikiwa sahihi, punguza kasi.

– *Mashine inasema hakuna mlio wa laini, ilhali simu ya kawaida inausikia.* Baadhi ya ruta hutoa mlio ambao mashine haiutambui. Zima mpangilio wa kusubiri mlio kabla ya kupiga.

Unapompigia mtoa huduma

Usiseme tu kwamba simu ni mbovu. Mhudumu atapima sauti, aione nzima, na kufunga lalamiko lako. Sema wazi kwamba sauti inapita lakini faksi haipiti, kisha utoe taarifa hizi: aina ya laini, tarehe tatizo lilipoanza na kama lilianza baada ya kuwekewa intaneti, matokeo ya kuacha faksi peke yake kwenye laini, ujumbe au nambari ya kosa iliyo kwenye ripoti, na kama faksi zinazoingia na zinazotoka zote hukwama au ni za upande mmoja. Omba nambari ya lalamiko na uiandike.

Usifungue kisanduku cha laini kilicho nje ya jengo, wala usiguse waya ulioanguka kutoka kwenye nguzo hata kama unaonekana kuwa wa simu. Huenda umegusana na wa stima. Radi inapopiga, chomoa mashine na modemu ukutani, waya wa stima na wa laini pia.

Neno "OK" si risiti ya mwisho

Ripoti inayoandika OK inamaanisha kwamba mashine ya upande wa pili imekubali kurasa. Haimaanishi kwamba kuna mtu amezisoma. Karatasi zinaweza kuwa zimekwisha, wino umekauka, au hati imechukuliwa na asiyehusika. Kwa hati yoyote yenye tarehe ya mwisho au inayohusu matibabu, tuma ukurasa wa kwanza unaotaja jina la mpokeaji na idadi ya kurasa, kisha piga simu uulize: zimefika ngapi, na ya mwisho inasomeka? Hifadhi ripoti ya utumaji pamoja na hati yenyewe. Ukiulizwa baadaye, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako wa saa na nambari uliyotumia.

Hakiki nambari mara mbili kabla ya kubonyeza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na faksi iliyokosea tarakimu moja huwa imeiweka siri ya mgonjwa mezani pa mtu asiyemjua. Wenye maduka ya huduma za afisi nao wasiache hati za wateja zikirundikana kwenye trei ambapo kila anayepita anaweza kuzisoma.

Kwa ufupi: bandika karibu na mashine

1. Toa nakala kwanza ili ujue kama mashine ni nzima.
2. Sikiliza laini kwa simu ya kawaida.
3. Chomoa vingine vyote, acha faksi peke yake, tuma ukurasa mmoja.
4. Laini ya shaba: kichujio kimoja kwa kila simu na faksi, hakuna kwa modemu.
5. Laini ya faiba: shusha kasi hadi 14,400 au 9,600, uliza kuhusu G.711 na T.38.
6. Simu ya SIM kadi: usitegemee faksi.
7. Baada ya OK, piga simu uhakikishe.